Lauhi, Udongo na Mkono wa Mtoto
(Hotuba kwa wazazi na walimu Waislamu wa Juba)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka kusema nanyi juu ya watoto wetu wasiotimiza miaka saba. Wazazi wamenijia wakilalamika: "Sheikh, tumempeleka mtoto asome, naye anachezea udongo na kokwa!" Wengine wamekwisha kuwatoa watoto wao. Jambo hili lataka jawabu.

Sisi tuliosoma khalwa twaikumbuka lauhi. Kila mtoto alikuwa na ubao wake, kalamu yake ya tete, na wino wa masizi na gundi ya mti. Aliandika fungu lake, akalisoma mpaka likakaa moyoni, akamsomea mwalimu, ndipo akauosha ubao na kuandika jingine. Mwepesi hakumngoja mzito, wala mzito hakuburutwa na mwepesi. Maria Montessori, daktari wa Kitaliano, alifungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka wa 1907, na kazi yake yastahili sifa. Lakini kujifunza kwa mkono, na kwa mwendo wa mtoto mwenyewe, kulikuwapo kwetu kabla yake.

Walakini yatupasa kusema kweli hata juu ya nafsi zetu. Pamoja na lauhi palikuwa na kiboko. Nilipoanza kufundisha niliwapiga waliochelewa, nikidhani nawahimiza. Mmoja alizoea kuuficha ubao wake mgongoni kila nilipomkaribia. Hakuwa mjinga, alihitaji siku tatu pale mwenziwe alipohitaji moja. Mwisho aliacha kuja, nami najua ya kuwa ni mimi niliyemfukuza. Bwana Mtume (S.A.W.) alirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake amempanda mgongoni, hakumharakisha. Mimi nilimharakisha wa mwenzangu.

Ndugu zetu wa Mombasa walitutangulia. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said, mwalimu wa madrasa, na wenziwe walianza kuwafundisha akina mama wa mitaani kulea watoto wadogo kwa vitu vya kushika vilivyopatikana papo hapo, pamoja na mafunzo ya dini. Kazi hiyo ikaenea Unguja na Uganda.

Hapa Juba haja ni kubwa zaidi. Baada ya vita vya 2013 na 2016, waliorudi kutoka Uganda na Kenya wana watoto wasemao Kiswahili. Waliokimbia Khartoum tangu Aprili 2023 wana watoto wasemao Kiarabu. Wenyeji wana Kibari. Tukiwaimbisha wote kwa sauti moja, wengi watafuata midomo tu. Lakini mtoto akipewa kokwa kumi na mbili za maembe azipange mafungu, atahesabu kwa lugha yoyote aliyo nayo. Na vidole vilivyofinyanga alifu kwa udongo wa Mto Nile ndivyo vitakavyoshika kalamu bila ya kutetemeka.

Huu si mchezo wa kupoteza wakati, maadamu mwalimu yupo, anatazama, na anajua kila mtoto amefika wapi.

Basi nawaombeni mambo matatu. Kwanza, leteni kokwa kubwa zisizoweza kumezwa, vibuyu, na vipande vya mbao vilivyopigwa randa. Pili, mtoto arudipo nyumbani msimwulize, "Mwenzio amekupita?" bali, "Leo umefanya nini kwa mikono yako?" Tatu, waliotolewa warudishwe, na kiboko kisirudi pamoja nao.

Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji. Kuuwahi si kuugandamiza.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na sisi atujaalie subira. Amin.