Maji Safi na Maisha ya Vijijini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri iliniagiza niseme juu ya maji safi, na jinsi yanavyoinua hali ya watu vijijini. Najua kwamba miongoni mwa mambo ya leo liko shauri la akiba yetu: ama ianze kujenga ukumbi, ama itengeneze kwanza ile pampu ya nyumbani ambayo imenyamaza tangu mwaka jana. Sitaficha upande wangu. Lakini naomba mnisikilize kabla hamjapiga kura.

Kwanza tufanye hesabu. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Tangu pampu iharibike, mama zetu huteka bwawani, na kwenda, kungoja zamu na kurudi ni saa mbili. Mwenye watoto wanne hawezi kwenda chini ya mara mbili kwa siku. Saa nne kwa siku ni saa 1,460 kwa mwaka. Tukihesabu siku ya kazi kuwa saa nane, mama huyo hutoa siku 182, yaani nusu ya mwaka mzima, kwa kubeba maji tu. Atapalilia lini? Atapeleka nini sokoni? Na binti anayemsaidia atafika shuleni saa ngapi? Kazi hii ingalikuwa ya wanaume, nadhani tungalikwisha kuitafutia dawa zamani.

Pili, magonjwa. Mwaka 1972 mabwana Gilbert White na David Bradley, pamoja na Bibi Anne White, walitoa kitabu juu ya matumizi ya maji katika Kenya, Uganda na Tanzania. Humo yaliainishwa maradhi yahusuyo maji. Yako yanywewayo pamoja na maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Yako yaletwayo na uhaba wa maji ya kunawia, kama upele na maradhi ya macho. Yako yampatayo mtu kwa kuingia majini, kama kichocho, ambacho watu wa pwani tunakijua sana. Na yako yaenezwayo na wadudu wanaozaliana karibu na maji, kama malaria. Basi haitoshi maji yawe safi. Sharti yawe tele na yawe karibu, ili mtoto anawe pasipo mama kuhesabu kata.

Wako wasemao, “Maji ya bwawa ni matamu, babu zetu waliyanywa.” Utamu si ushahidi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alifuatia nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja. Mjane mmoja aliyekaa mbali na mtaa ule aliletewa maji ya pampu hiyo kwa sababu aliyapenda ladha yake, naye akafa. Mpini wa pampu ukaondolewa. Sisi leo tunalo shauri la kinyume: kuurudisha mpini mahali pake, ili watu wayaache maji mabaya.

Sasa watauliza wengine: maji si kazi ya Serikali? Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na huduma hiyo imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Haki hiyo tuidai pasipo kuchoka. Lakini mtoto mwenye kiu hanywi kifungu cha sheria, wala pampu haitengenezwi na barua tuliyoiandika.

Tazameni jirani zetu wa Ukambani. Vikundi vya wanakijiji hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mvua huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake, yakichujwa na kukingwa na jua. Wengi walitoa mawe, mchanga na nguvu za mikono yao wenyewe.

Tazameni pia Kwale. Katika miaka ya 1980 pampu ya mkono iitwayo Afridev ilijaribiwa huko na Malawi. Ilibuniwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe, bila kungoja gari la mafundi kutoka mjini. Wanawake wakafunzwa kuitunza, wakakaa katika kamati za visima.

Nasema hayo kwa sababu pampu yetu haikufa kwa uzee. Kipande kidogo cha mpira kilichakaa ndani yake. Fedha za kukinunua zilikuwa zimechangwa, zikatumika kwa jambo jingine, na sisi tuliojua tukanyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wao, na leo naungama mbele yenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sasa gharama imezidi.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu. La kwanza, pampu itengenezwe kabla ya tofali la kwanza la ukumbi kuwekwa. La pili, kila nyumba itekayo ichange kidogo kila mwezi, na fedha hizo ziwekwe mbali na mfuko wa Chama. Hesabu zake zisomwe hadharani, na wajane wasio na kitu wasamehewe. La tatu, ambalo najua ni zito kwa baadhi ya wazee wetu: mweka hazina wa kisima na mshika ufunguo wa pampu wawe wanawake. Si kwa kuwavunjia wazee heshima. Ni kwa sababu pampu ikinyamaza, wao ndio wa kwanza kujua, na hawawezi kusahau.

Ukumbi ni kitu chema, nami nautamani. Lakini sitaki tukae ndani yake, tukipigiana makofi kwa taarifa ya mwaka, na huku nje binti zetu wakipita na madumu vichwani.

Shauri sasa liko mikononi mwenu.