Funzo la Marehemu Mzee Rubia



Nimeombwa niseme machache juu ya uongozi, nami nimemchagua marehemu Charles Rubia. Mwaka 1962 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, ambayo leo ni kaunti. Baadaye watu wa Starehe walimpeleka Bungeni, akakaa huko hadi mwaka 1988.

Mwaka 1986 uliletwa mswada wa kuwaondolea Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kinga ya kazi zao, ili Rais aweze kuwaachisha apendavyo. Rubia alisimama akaupinga. Mswada ukapita. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa mlolongo, akapoteza kiti. Mwaka 1990 yeye na Kenneth Matiba walidai vyama vingi, wakatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Kabla ya mwaka huo kwisha kinga ile ilirudishwa, naye angali kizuizini.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali. Siku moja niliwekewa mezani hati ya malipo ya kazi ambayo haikufanywa. Hakuna aliyenitisha kwa kizuizi. Niliogopa uhamisho tu, nikatia sahihi. Wakaguzi walipokuja niliwaeleza kweli yote, lakini fedha za wananchi zilikwisha kwenda.

Vijana mtakaoajiriwa kesho, msiwangoje wakaguzi kama nilivyofanya mimi.