AMANA YA KURA NA AMANA YA DENI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo: enyi waja wa Mwenyezi Mungu, twakuusieni nyinyi, na twajiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zetu Waislamu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu haikushuka kueleza Sala wala Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, na jambo lake ni deni. Ndani yake Mola wetu ametuamrisha kwamba tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo, deni likiwa dogo au kubwa. Na katika aya inayofuata ametukataza kuuficha ushahidi. Basi ikiwa deni la jirani na jirani lapasa kuandikwa na kushuhudiwa, yapasa nini mali ya umma? Na zapasa nini kura za mamilioni ya watu? Jambo hili ndipo zinapojikwaa serikali nyingi za zama hizi, na nchi yetu ya Kenya imelijua kwa damu.

Mwezi wa Desemba 2007 Wakenya walipiga kura kwa amani. Fitina ilikuja katika kuhesabu. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao, mpaka maafikiano yalipotiwa saini tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, ilisema kwamba hesabu zilikuwa zimechafuka kiasi cha kutojulikana nani aliyeshinda. Zingatieni maneno hayo. Watu walikufa kwa ajili ya hesabu ambayo hapana mtu awezaye kuishuhudia.

Baada ya msiba huo ikasemwa kwamba kasoro ni mikono ya wanadamu, basi iletwe mitambo. Ikaletwa. Mwaka 2013 mingi ikazimika siku ile ile ya kazi. Mwaka 2017 ikanunuliwa mingine kutoka Ufaransa. Na tarehe 1 Septemba mwaka ule Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikaufuta uchaguzi wa urais, kwa kuwa matokeo hayakupelekwa kwa njia inayotakiwa na Katiba na sheria. Mahakama ilikuwa imeamuru mitambo ifunguliwe ikaguliwe, na Tume ya Uchaguzi haikutimiza amri hiyo kikamilifu. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Oktoba, na upande mmoja ukaususia.

Ukaja mwaka 2022. Mitambo nayo ilitoka ng'ambo, lakini safari hii picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi, kila mtu azione na ajumlishe mwenyewe. Ugomvi haukukosekana. Makamishna wanne katika saba waliyakana matokeo, na kesi ikapelekwa mahakamani. Lakini waliokwenda mahakamani walikwenda na karatasi mikononi, majaji wakahukumu kwa kauli moja tarehe 5 Septemba, na nchi haikuwaka moto kama ilivyowaka zamani. Kilichozidi ni ushahidi uliowekwa hadharani. Mashine huweza kuagizwa kutoka ng'ambo, ushahidi hauagizwi. Hutolewa na mtu wa hapa, aliyeona kwa macho yake, akaandika kwa mkono wake, na akamcha Mola wake.

Ndugu zetu, amana ya pili ni deni. Mwaka 2014 nchi yetu ilikopa katika masoko ya fedha ya ulimwengu dola bilioni 2 za kulipwa Juni 2024. Mikopo mingine ikachukuliwa China kwa reli ya Mombasa na Nairobi, na mikataba yake ikafichwa miaka mingi, mpaka sehemu yake ilipotolewa Novemba 2022. Kisha mwaka 2024 ukaja Mswada wa Fedha wenye kodi mpya. Vijana wakajaa mabarabarani, na tarehe 25 Juni umati ukaingia Bungeni. Siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Lakini makumi ya watu walikufa katika wiki zile, na roho haina fidia.

Hatusemi tujifungie milango. Wazee wetu wa pwani walifanya biashara na Oman, Yemen na Bara Hindi, na kwenda na kurudi kwa majahazi hakukuwanyang'anya utawala wa nyumba zao. Ubaya umo katika siri. Watu wakimchagua kiongozi hali hawajui anadaiwa nini, kwa riba gani na kwa sharti gani, basi wamemchagua wakili ambaye mikono yake imekwisha fungwa na watu wasiowajua. Hapo kura hubaki karatasi, na wenye kukata tamaa na karatasi hutafuta mawe.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya wageni, hayatuhusu. Twawakumbusha kwamba Qurani ina sura iitwayo Shura, na kwamba Sayyidna Abubakar, alipopewa ukhalifa, aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyoshe akipotoka. Mtu hawezi kunyoshwa katika jambo alilofichiwa watu.

Basi ewe wakala uliyewekwa kituoni, usitie saini usichokiona, wala usiuze saini yako. Na ikiwa hesabu ya haki inamwangusha mtu wa kabila lako, iseme. Kwani Suratun-Nisaa, aya ya 135, yatutaka tushuhudie haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Enyi viongozi, mikataba ya deni wekeni mbele ya Bunge na mbele ya wananchi kabla ya saini, si baada ya vilio. Enyi vijana, daini haki yenu bila ya kuharibu mali ya mtu. Nanyi mlioshika silaha, jueni kwamba damu ndiyo ya kwanza kuhukumiwa baina ya watu Siku ya Kiyama.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutoka, awape subira wafiwa, na atujaalie tuwe mashahidi wa kweli katika kilicho chetu na kilicho cha wenzetu. Amin.