Kipofu na Neno "Kawaida"

Neno "kawaida" lina maana mbili, na kuzichanganya huleta madhara. Maana ya kwanza ni jambo linaloonekana mara nyingi. Maana ya pili ni jambo lililo sawa, lisilohitaji kubadilishwa. Bonde la Luapula, pamoja na ufuko huu wa Ziwa Mweru hapa Nchelenge, limeijua tofauti hiyo kwa uchungu.

Katika miaka ya 1950 na 1960, bonde hili lilijulikana kwa wingi wa watoto waliopofuka. Jambo likionekana kila siku, ni rahisi kudhaniwa kuwa ndivyo lilivyopaswa kuwa. Lakini madaktari walipochunguza, waliona kwamba macho mengi yaliharibiwa na surua iliyompata mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Ugali wa muhogo hushibisha, wala hauna vitamini hiyo. Hupatikana katika maini, mawese, maembe na mboga za majani. Dawa za miti zilizotiwa machoni nazo ziliongeza madhara. Basi upofu ule ulikuwa mwingi, lakini haukuwa wa lazima. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A ni kinga yake, na tangu 1998 Zambia imetia vitamini hiyo katika sukari.

Lipo kosa la pili, nalo ni kumhesabu kipofu kuwa mtu pungufu kwa sababu hafanani na walio wengi. Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa kipofu. Kwa ajili yake iliteremshwa Sura ya Abasa, iliyofundisha kwamba mwenye kutafuta elimu asipuuzwe kwa ajili ya wakubwa. Huko Madina aliadhini pamoja na Bilali, na Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini aliachiwa mji na kuwasalisha watu. Hakuna aliyengoja aone kwanza ndipo aheshimiwe.

Kwa hiyo wajibu ni miwili, na mmoja hauondoi mwingine. Mzazi mwenye mtoto mchanga ampeleke kliniki achanjwe, wala asiuzoee upofu unaozuilika. Na mzazi mwenye mtoto asiyeona asimfiche nyumbani. Ampeleke shule na madrasa, maana Kurani huhifadhiwa moyoni. Ugonjwa ukataliwe, mtu akubaliwe.