Kipokezi Kinapoamuru, Kiunzi Hujengwa Upya

Mwaka 1937 mjini Munich, Ujerumani, daktari wa watoto Alfred Wiskott aliandika habari za ndugu watatu wa kiume. Waliharisha damu, ngozi zao zilijaa ukurutu, masikio hayakuisha usaha. Dada zao walikuwa wazima. Mwaka 1954 Robert Aldrich wa Marekani akaonyesha kwamba maradhi haya hurithiwa kupitia kwa mama na kuwapata wavulana. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na kazi yake ikashangaza: inaunda WASP, protini inayosimamia kiunzi cha ndani ya seli.

Usifikirie mifupa. Kiunzi hiki ni nyuzi za protini iitwayo aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, nazo hufumuliwa na kusukwa upya kama nywele kwa msusi. Anayeagiza msuko ni nani? Katika seli T ya kinga, ni kipokezi kilicho juu ya utando.

Seli T huzipapasa seli nyingine. Kipokezi kikigusa kipande cha kirusi, kimeng'enya Lck hutia fosfeti kwenye mikia iliyo upande wa ndani, kisha kimeng'enya kingine, ZAP-70, hujishikiza hapo. Ujumbe hupokezanwa hadi protini Vav1, halafu Cdc42, ambayo huifungua WASP iliyokuwa imejikunja. WASP nayo huita protini za Arp2/3, na ubavuni mwa uzi wa zamani huchipua tawi jipya, kwa pembe ya digrii 70 hivi.

Dakika chache tu, seli iliyokuwa mviringo imejitandaza juu ya mwenzake. Ikiwa ni seli ya kuua, aktini huondoka katikati na kubaki pembeni kama pete. Sentrosomu, kitovu cha nyuzi nyingine za kiunzi, husogea hadi hapo katikati, ikivuta vifuko vya sumu iitwayo perforini. Sumu inamwagwa upande mmoja, jirani mzima hadhuriki. Mimi hili hunistaajabisha kuliko sumu yenyewe.

WASP ikikosekana, kipokezi bado hugusa, ila mshiko ni legelege na maambukizi hayaishi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, huwa chache na ndogo kuliko kawaida. Kwa hiyo mtoto wa kiume mwenye ukurutu, michubuko isiyoeleweka na masikio yanayougua kila mara apimwe damu, na daktari aangalie ukubwa wa chembe hizo pamoja na idadi yake. Kupandikiza uboho kunaweza kumponya.