Jina Tusilolijua Kwenye Taarifa ya Benki



Mwaka wetu wa sita, taarifa ya benki ilionyesha sh. 186,000 zimelipwa kwa kampuni tusiyoijua. Basi, maneno yakaanza! Mhazini alilia mbele ya kikao, na sisi, tuseme kweli, tulinyamaza tu. Katibu ndiye aliyefungua faili la risiti. Kiasi kile kile: masufuria ya kukodisha, tuliyonunua Mwanza kwa kadi ya kikundi. Tulinunua Jumamosi, benki ikaingiza Jumatatu. Bango la duka lilikuwa na jina lingine kabisa, lakini risiti ya EFD ilibeba jina la kampuni, lile lile la benki. Tulimwomba mhazini radhi. Alikaa miezi miwili ndipo akarudi kushika daftari.