Sayansi ya Kompyuta au Infomatiki ya Usimamizi: Tuchague Vipi?

Maongezi yaliyotolewa Bujumbura na mhudumu wa jamii, mkimbizi mwenzenu, mbele ya vijana waliomaliza sekondari na wazazi wao. Tunayachapa hapa kwa faida ya walioko kambini.



Kila mara matokeo ya sekondari yakitoka, vijana wananiletea swali lilelile: "Nataka kusoma kompyuta. Niandike fani gani kwenye fomu?" Swali hili si dogo. Kwa mtoto wa mkimbizi, nafasi ya chuo kikuu ikija huja mara moja. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa na Serikali ya Ujerumani mwaka 1992 na kusimamiwa na UNHCR, umesomesha wakimbizi wengi katika nchi walizokimbilia, lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi. Kijana aliyechaguliwa akigundua katika mwaka wa pili kwamba fani haimfai, si rahisi kumpata mtu wa kumlipia aanze upya.

Wazee wanasema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Lakini mtu anayepewa jembe moja tu ana haki ya kuligeuza na kulitazama kabla hajaondoka nalo.

MAJINA MAWILI

Mkisoma matangazo ya vyuo vya hapa Bujumbura, au vya Uvira, Bukavu na Goma, mtakuta maneno ya Kifaransa. Neno "informatique" lilitungwa Ufaransa mwaka 1962 kwa kuunganisha maneno mawili, la taarifa na la kujiendesha. Likisimama peke yake, mara nyingi ndiyo sayansi ya kompyuta. Mkiona "informatique de gestion", hiyo ni infomatiki ya usimamizi. Wenzetu wanaosoma kwa Kiingereza huko Kenya na Uganda wana fani inayokaribiana nayo, ambayo wanaiita mifumo ya habari.

TOFAUTI IKO WAPI

Tuchukue kitu ambacho kila mtu hapa anakijua: orodha ya mgao. Tuseme ina majina 10,000 yaliyopangwa kwa alfabeti.

Mtu wa sayansi ya kompyuta anauliza: jina moja litapatikana vipi upesi? Akianza juu na kushuka moja moja, huenda akasoma majina yote 10,000. Lakini akifungua katikati, akaitupa nusu isiyohitajika, akafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo, atafika kwa kuangalia mara 14, haizidi hapo. Tena anatakiwa athibitishe kwa hesabu kwamba mara 14 zinatosha siku zote, kwa jina lolote. Hiyo ndiyo kazi yake: kutafuta njia, kuithibitisha, na kuielewa mashine yenyewe.

Mtu wa infomatiki ya usimamizi anaitazama orodha hiyohiyo na kuuliza mengine. Mtoto amezaliwa juzi. Nani ataliingiza jina lake? Mjane bado ana kadi yenye jina la marehemu. Nani ana ruhusa ya kuibadilisha? Nani asiruhusiwe kuyaona majina, kwa ajili ya usalama wa watu? Umeme ukikatika watu wakiwa kwenye mstari, kazi itaendelea vipi? Jioni, magunia yaliyotoka yanalingana na majina yaliyotiwa alama? Hiyo ndiyo kazi yake: watu, karatasi na fedha, na kompyuta katikati yao.

Hakuna aliye mkubwa kuliko mwenzake. Akikosekana wa kwanza, mstari hausogei. Akikosekana wa pili, mstari unasogea upesi lakini mjane anarudi nyumbani mikono mitupu.

Masomo yao pia yanatofautiana. Katika sayansi ya kompyuta kuna hesabu nyingi, mantiki, algorithimu, yaani njia za hatua kwa hatua kama ile ya kutafuta jina, na namna kompyuta na mitandao inavyofanya kazi kwa ndani. Katika infomatiki ya usimamizi kuna uhasibu, uchumi, uongozi wa ofisi na kuchunguza mahitaji ya wanaotumia kompyuta. Fani zote mbili zinafundisha kuandika programu, na zote zinafundisha kupanga taarifa kwa majedwali, utaratibu ulioelezwa na Edgar Codd mwaka 1970 na unaotumika mpaka leo.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

Kwanza, hesabu. Kijana aliyetoka sehemu ya math-physique na aliyependa kutafuta jibu mpaka usiku, asiogope sayansi ya kompyuta. Aliyetoka sehemu ya commerciale anakuta nusu ya njia ya infomatiki ya usimamizi ameshaipita. Aliyetoka pédagogie anaweza kuingia popote, lakini ajue mapema kwamba hesabu zinamngoja.

Pili, kazi. Hakuna fani inayotoa kazi kama chapa mkononi. Kwa ninavyoona mimi, katika miji yetu hospitali, ushirika, duka kubwa na shirika la misaada wote wanahitaji mtu wa kutunza daftari zao kwenye kompyuta, na hapo mtu wa usimamizi anaanza upesi. Wa sayansi ya kompyuta huenda akangoja zaidi, lakini milango yake ni mingine: kampuni za simu, watengenezaji wa programu, ualimu.

Tatu, mpaka. Hili vyuo havituambii, kwa sababu wanafunzi wao wengi hawana mpaka wa kuvuka. Sisi hatujui kama kesho tutakuwa Burundi, Kongo au nchi ya tatu. Ile njia ya mara 14 ni ileile Bujumbura na Kinshasa. Uhasibu hauko hivyo. Kongo iliingia katika umoja wa OHADA mwaka 2012, na makampuni yake yanafuata utaratibu wa uhasibu wa OHADA. Burundi si mwanachama. Kijana aliyejifunza uhasibu wa hapa, akirudi kwao atalazimika kujifunza upya namba za akaunti na karatasi zake. Hiyo si sababu ya kuikimbia fani. Ni sababu ya kutafuta kitabu cha OHADA tangu mwaka wa kwanza na kukisoma pembeni.

Baba mmoja aliniuliza: kompyuta za akili bandia sasa zinaandika programu zenyewe, je, watoto wetu watasomea nini? Nilimjibu hivi: zinaandika kweli, na zinakosea pia. Anayehitajika ni anayeweza kuona kosa, liwe la hesabu au la mjane aliyesahauliwa. Asiyesoma msingi hataliona.

JARIBIO LA DAFTARI

Huna kompyuta? Chukua daftari. Siku ya kwanza, andika maelekezo ya kutafuta jina katika orodha, hatua kwa hatua, kwa namna ambayo mtoto wa miaka 10 atayafuata bila kukuuliza neno. Siku ya pili, nenda kwa kamati ya maji au chama cha akiba, uwaulize fedha zinaingia vipi, zinatoka vipi, na zinapotea wapi. Kisha uchore njia yake. Ni siku ipi ulisahau njaa? Jibu hilo lina uzito kuliko ushauri wangu.

KABLA YA KUJAZA FOMU

1. Omba chuoni orodha ya masomo ya miaka yote. Majina ya fani hayalingani chuo na chuo. Hesabu masomo ya hisabati ni mangapi na ya uhasibu ni mangapi.

2. Uliza diploma ya chuo hicho inatambuliwa na nani, na kama Diplôme d'État ya Kongo inahitaji kibali kwanza. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti vya masomo. Kuuliza ni haki yenu, si kuombaomba.

3. Tunza vyeti na karatasi za alama, asili na nakala, mahali tofauti.

Wazazi, naomba neno moja kwenu: mtoto asipelekwe kwenye fani kwa sababu jina lake ni zuri kutamkwa. Jina limeandikwa mlangoni. Masomo yako ndani. Mwacheni aingie, achungulie, kisha aseme.